Tairodi ya Defender 110 ilipinda Engaruka, natengeneza yangu: bomba, shafti zima, au niache ipinde?

#1 Mwanakorongo

Wakuu salaam.

Uzi ni mrefu, mwenye haraka apite. Gari ni Land Rover Defender 110, injini 300Tdi, inabeba mahema na vyombo vya kambi. Njia yangu ni Mto wa Mbu, Engaruka, hadi Ngaresero kule Ziwa Natron. Waliopita wanaijua: vumbi kama unga wa sembe, mawe meusi ya volkano, na makorongo ambayo kila mvua ikinyesha yanahama.

Siku ya tukio nashuka korongo mbele ya Engaruka, tairi la kulia likateleza juu ya jiwe, gari likakaa chini kwa mbele. Ngo! Mlio kama mtu kagonga reli. Nikajitoa kwa rivasi. Kuanza kwenda, usukani umekaa upande na gari linasuasua kama limefungwa kamba. Nashuka kuangalia: tairi la kushoto linatazama Mlima Lengai, la kulia linatazama Mlima Kitumbeine.

Kwa wasiojua mpangilio wake, Defender ina rodi mbili huku mbele. Dragilinki iko mbele ya ekseli, inatoka kwenye mkono wa stelingi boksi na kusukuma gurudumu la upande wa pili. Tairodi iko nyuma ya ekseli, inashika magurudumu yote mawili yageuke pamoja. Ukienda mbele ekseli inaikinga. Ukidondoka kutoka juu ya jiwe, au ukirudi nyuma kichwa kichwa kama mimi, hakuna wa kuikinga. Na kwa kuwa iko nyuma, ikipinda inakuwa fupi, inavuta mikono ya magurudumu ndani, pua za matairi zinafunguka nje. Ndiyo hiyo Lengai na Kitumbeine.

Tulivyorudi nyumbani: tulifungua rodi, tukaipachika kwenye panda ya mgunga, tukaisukuma kwa jeki ndefu mpaka ikanyooka kwa macho. Lakini chuma kilichokwisha kupinda kinakumbuka, kitapinda palepale. Basi tukaifunga banzi kama mguu uliovunjika: jani moja la springi ya Land Cruiser aliyokuwa nayo dereva mwenzetu, na mipira ya tyubu iliyokatwa vipande, tukaivuta mpaka mikono ikauma. Vijana wawili wa Kimasai waliosimama na mbuzi wao walitushauri tuache gari tupande pikipiki. Tulifika Mto wa Mbu saa tatu usiku, mwendo wa kilomita 20 kwa saa.

Nikanunua nyingine kama ya zamani. Baada ya miezi miwili ikaanza tena kuwa na tumbo. Nikasema sasa basi.

Jaribio la kwanza sikulifikiria. Fundi mmoja alinichukulia bomba la maji la inchi 1, akalipasua kwa urefu, akaivisha tairodi ile kama koti na kuchomelea pembeni. Ilidumu wiki tatu. Haikupinda kwenye koti, ilipinda pale koti linapoishia, sentimita 10 kutoka kwenye baljointi, kile kiungo cha nchani. Yaani tulihamisha ugonjwa tu.

Sasa nataka kuanza upya, rodi mpya kabisa. Maswali yangu: shafti zima au bomba? Hesi (meno ya kufungia baljointi) nikate moja kwa moja kwenye bomba au nichomelee ndani bushi, kipande kifupi chenye hesi? Na kuna mtu ameshafanya hii akakaa nayo zaidi ya mwaka?

Nawasilisha.

#2 NyundoMoja

Weka shafti zima mkuu, la mm 30. Nenda wanapouza skrepa Unga Limited pale Arusha, chagua shafti ya mashine, toboa ncha mbili, kata hesi, funga. Chuma kilichojaa hakina mjadala. Mengine ni chai.

#3 Hesabu_Kwanza

NyundoMoja, mjadala upo, na ni wa hesabu ya kidato cha nne tu.

Ugumu wa rodi dhidi ya kupinda unatokana na kipenyo cha nje kilichozidishwa chenyewe mara nne, ukitoa tundu la ndani lililozidishwa vilevile. Maana yake chuma cha katikati ya shafti kinakula uzito lakini hakifanyi kazi. Kinachofanya kazi ni kile kilicho mbali na katikati. Kipenyo kikiongezeka mara 2, ugumu unaongezeka mara 16.

Tuchukue rodi ya mita 1.2, imenyooka, inasukumwa kutoka nchani, tukokotoe ni mzigo gani utaifanya ijikunje:

Bomba la mm 30, ukuta mm 4: kama tani 4. Uzito kilo 3.1.
Shafti zima la mm 30: tani 5 na nusu. Uzito kilo 6.7.
Bomba la mm 38, ukuta mm 6: tani 11. Uzito kilo 5.7.

Umeona? Shafti yako imebeba uzito zaidi ya mara mbili ya bomba la kwanza, faida yake haifiki hata nusu ya ziada. Bomba la mm 38 ni jepesi kuliko shafti na lina ugumu mara mbili yake. Hizo tani ni za karatasi, barabarani jiwe linagonga ubavu na rodi haiwi imenyooka kama rula. Ila uwiano kati yao unabaki. Hata kwa kugongwa ubavuni, hilo la mm 38 linahimili zaidi ya mara mbili ya bomba la mm 30.

Jambo la pili, ambalo mafundi wengi wanalichanganya. Mtu anakwambia "tafuta chuma kikali hakitapinda". Chuma cha nondo ya kawaida na chuma ghali cha shafti vinanesa karibu sawasawa vikiwa na umbo moja. Tofauti ni kwamba chuma kikali kinarudi pale ambapo cha kawaida kinabaki kimepinda. Ni faida kubwa, ila usidhani itakuwa haitingishiki. Na chuma kilichokaushwa kwa moto mpaka kikawa kigumu kupita kiasi hakipindi kabisa. Kinakatika.

Na bomba la maji muache kabisa. Linauzwa kwa jina la tundu, siyo la ukuta. "Inchi 1" ya maji ina nje ya karibu mm 34 na ukuta wa mm 3 na kidogo. "Inchi 1" ya skejuli 160 (daraja la bomba nene) ina nje ileile, ukuta mm 6.35. Kwenye kaunta yote ni inchi 1. Nenda na kalipa, kile kipimo cha unene.

#4 NyundoMoja

Sawa mwalimu. Lakini Land Cruiser yangu ina shafti zima mwaka wa nne huu, haijapinda.

#5 Hesabu_Kwanza

Sijasema itapinda, nimesema umebeba chuma cha bure. Tena kilo hizo zimekaa chini ya springi, zinarushwa na kila jiwe.

#6 Mzee_wa_Difu

Vijana nawasoma kwa utulivu. Niliingia gereji Land Rover zikiwa bado na springi za majani mbele, ngoja niseme neno ambalo hamjalisema.

Nguvu ya jiwe haipotei kwa sababu umeweka rodi nene. Inakwenda kwa jirani. Hesabuni majirani: baljointi, tundu la koni ambamo baljointi inakaa, mkono wa gurudumu, mkono wa stelingi boksi, shafti la ndani ya boksi, bolti nne za boksi, na mwisho chesesi yenyewe. Ukiimarisha mmoja, anayefuata kwa udhaifu ndiye atakayelia.

Mwanakorongo tairodi yake ilipinda, akaifunga banzi, akalala nyumbani. Sasa fikiria rodi haikupinda, lakini shingo ya baljointi ikakatika. Pale huna banzi. Gurudumu moja linafuata usukani, la pili linakwenda linakotaka, na ukiwa kwenye lami ya Makuyuni na kilomita 80 sina haja ya kumalizia.

Ndiyo maana mimi gari la mteja nalifanya hivi: rodi iwe na nguvu kuliko ya kiwandani, lakini katika mlolongo wote yenyewe ndiyo iwe ya kwanza kupinda. Chuma cha kupinda, siyo cha kukatika. Na kabla ya kugusa rodi nabadilisha baljointi zote, naangalia koni. Paka rangi kidogo kwenye shingo ya baljointi, ingiza tundu, zungusha, toa. Rangi ikiguswa pande zote, koni inakaa. Ikiguswa juu tu au chini tu, tundu limeliwa, huo mkono ni skrepa. Usiujaze kwa kuchomelea, mwanangu. Mikono ile imefuliwa kiwandani, moto wa gereji unaiharibu na hutaona kwa macho.

#7 Jirani_Nairobi

Ndugu zangu wa Bongo, huku kwetu ukitaka kuona magari yenye stelingi za kujengwa upya nenda Rhino Charge, mashindano ya magari ya porini. Ilianza mwaka 1989, gari linatakiwa kufika vituo 13 ndani ya saa 10, na mshindi ni aliyeenda umbali mfupi zaidi, siyo aliyekimbia. Kwa hiyo watu wanakata moja kwa moja juu ya mawe na mabonde. Nimesaidia timu moja upande wa ufundi. Kila jioni ya mazoezi kazi ya kwanza ilikuwa kulala chini ya gari na tochi, kufuta vumbi kwenye kila nati, kutafuta mstari wa kutu. Kutu nyembamba inayotoka kwenye chuma kilichopakwa rangi ni ufa. Hakuna siri nyingine.

Naunga mkono Mzee. Na sisi tulibeba tairodi ya akiba, imefungwa juu ya keria.

#8 FundiLezi

Mimi ndiye ninayekata hivi vitu, nina lezi (mashine ya kuchonga chuma) Arusha. Tuache falsafa kidogo.

Mosi, hesi. Baljointi moja ina hesi ya kulia, nyingine ya kushoto. Hiyo siyo mapambo. Ndiyo inayokuwezesha kuzungusha rodi ikiwa garini, ikirefuka au kufupika pande zote kwa pamoja. Wateja wananiletea kazi wakisema "kata zote za kulia, tepu (kifaa cha kukatia hesi) ya kushoto hakuna". Nakukatalia. Ukikata zote za kulia, kila ukitaka kurekebisha matairi utang'oa baljointi moja, uizungushe mzunguko mzima, urudishe. Hutaweza kupata kipimo cha katikati. Tepu ya kushoto ya saizi hizo kweli ni shida kuipata, lakini kwenye lezi nakata kwa kisu cha ndani, nageuza mwelekeo, basi. Niletee baljointi zenyewe mkononi, usiniletee saizi ya kuambiwa. Napima hesi kwa geji.

Pili, kukata moja kwa moja au bushi. Kama bomba lina ukuta mnene na tundu dogo kuliko hesi, kata moja kwa moja, hakuna cha kuchomelea, usingizi mzuri. Bomba la mm 38 kwa ukuta wa mm 6 lina tundu la mm 26, limezidi hesi. Hapo inabidi bushi. Nachonga bushi ya urefu wa mm 60 inayoingia kwa kugongwa kidogo, siyo kwa kudumbukia. Bomba natoboa matundu manne ya mm 12 kila upande, yasiwe kwenye mstari mmoja, nayajaza kwa kuchomelea mpaka yashikane na bushi, kisha nazungusha mshono mdomoni, mdomo umechongwa mshazari kwanza. Vijiti vya kuchomelea 7018, vikavu, vimetoka kwenye joto. Vijiti vilivyolala dukani na unyevu vinaleta ufa wa ndani. Ikipoa polepole, siyo kwa maji, napitisha tepu tena, kwa sababu moto unabana hesi.

Tatu, baljointi iingie ndani angalau mara moja na nusu ya unene wake. Nimeona gari lililoshikiliwa na hesi tano, mwenyewe anakwenda nalo Loliondo.

Mwanakorongo njoo, ila uje na subira.

#9 Kijana_wa_Tabata

Nimekaa pale na kahawa. Swali la mbumbumbu: gari langu usukani unatetemeka kama homa nikipita shimo kwenye 70. Nikiweka rodi nene itaacha?

#10 Mzee_wa_Difu

Haitaacha. Angalia kwanza bushi za panhadi, ile rodi inayozuia ekseli isihame pembeni, kisha kukaza kwa swivo (kiungo kinachogeuza gurudumu), kisha baljointi, kisha balansi ya matairi. Watu wengi wanafunga shokapu mpya ya stelingi, mtetemo unatulia, wanasahau. Umempa mgonjwa panadoli.

Na kama umeinua gari springi, tazama dragilinki na panhadi ukiwa umesimama mbele ya gari. Zilale kwa mshazari mmoja. Zikipishana, kila ukipanda tuta usukani utajigeuza wenyewe mkononi.

#11 Mwanakorongo

Wakuu, nimerudi na mrejesho. Samahani kwa ukimya, nilikuwa porini.

Nilikwenda kwa FundiLezi. Tulichukua bomba lisilo na mshono, mm 38, ukuta mm 6, bushi kama alivyoeleza. Bomba halikuwa ghali, kilichokula hela ni lezi na siku mbili za kusubiri. Tulipoifunga, kazi iliyochukua muda kuliko zote ni kuangalia isiguse kitu. Tuliinua upande mmoja kwa jeki mpaka springi ya pili ikabanwa kabisa, tukakata usukani wote kushoto, wote kulia, tukashusha, tukainua upande wa pili. Bolti ya klampu ya kulia ilikuwa inagusa difu, alama yake ndogo ya kung'aa ilionekana kwenye vumbi. Tukazungusha klampu kichwa cha bolti kikatazama nyuma, ikapita.

Matairi tulipima bila mashine. Chaki katikati ya kila tairi kwa nyuma, kwa kimo cha habu, futi kamba kutoka chaki hadi chaki. Kisha ukasukuma gari mbele nusu mzunguko mpaka chaki zilezile ziko mbele, ukapima tena. Defender inataka mbele iwe imefunguka kutoka sifuri hadi mm 2. Yetu mara ya kwanza ilikuwa mm 9. Nusu mzunguko wa rodi, pima, robo mzunguko, pima, tukaishia mm 1. Usukani ulikuwa bado umekaa upande, lakini huo unarekebishwa kwenye dragilinki, siyo kwa kung'oa usukani wenyewe na kuuweka upya. Ukifanya hivyo stelingi boksi haitakaa katikati yake na utakuwa na ulegevu ukienda moja kwa moja.

Nimekwenda Natron mara sita. Rodi ina mikwaruzo mitatu mizito, iko imenyooka kama mshale. NyundoMoja ungeiona ungefurahi.

Sasa sehemu ambayo sikutaka kuiandika. Safari ya sita, nimelala chini ya gari na tochi kama alivyosema Jirani, naona mpira wa baljointi ya kushoto umepasuka. Nikafungua. Shingo yake imelala, kidogo tu, kama digrii mbili. Sikuhisi kitu kwenye usukani, sikusikia mlio. Jiwe lililokuwa lipinde rodi limekwenda kwa jirani, kama Mzee alivyosema neno kwa neno.

Kwa hiyo nimerudi kwa FundiLezi. Safari hii tumeshuka: mm 34 kwa ukuta wa mm 7, tundu limekuwa dogo tukakata hesi moja kwa moja, hakuna kuchomelea. Baljointi zote nne mpya, kotapini (pini za kuzuia nati) mpya, na bamba la kinga chini ya difu linalofika mpaka nyuma ya rodi, jiwe likutane na bamba kwanza.

#12 NyundoMoja

Kwa hiyo umetumia hela mara tatu ili uishie karibu na shafti yangu ya mm 30?

#13 Hesabu_Kwanza

mm 34 kwa ukuta wa mm 7 bado ina ugumu zaidi ya shafti yako kwa karibu nusu tena, na ni nyepesi kwa zaidi ya kilo moja. Endelea kulala.

#14 Kijana_wa_Tabata

Mkuu Mwanakorongo, na ile tairodi ya kiwandani iliyopinda umeitupa? Naihitaji kwa mfano.

#15 Mwanakorongo

Siitupi. Nimeinyoosha kwenye presi, nimeifunga nyuma ya kiti pamoja na jani la springi na mipira ya tyubu. Jumatatu napanda nayo Natron.